Moshi Kwenye Ndevu za Mume Wangu

Nilianza kumshuku mume wangu kwa sababu ya ndevu zake. Alirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni kama kawaida, akavua viatu mlangoni, akanibusu shavuni, na ndevu zikaninukia moshi. Haukuwa moshi wa nyama choma wala wa magari. Ulikuwa moshi mkali wenye ukakasi wa chuma ndani yake, na ulikuwa umeingia mpaka kwenye mizizi ya nywele. Nikamtazama usoni. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani.

"Umevuta?" nikamuuliza.

"Hapana, chérie. Njo kazi tu."

Mume wangu aliacha sigara wiki aliyozaliwa binti yetu. Aliniahidi pale hospitalini, mtoto akiwa amelala kifuani kwake, na kwa miaka minne alikuwa ametimiza neno lake. Kazi yake nayo naijua. Tangu tuoane ilikuwa inanukia mafuta ya kulainishia vyuma, harufu ambayo nilikwisha kuizoea mpaka nikaipenda. Moshi haukuwa wa kazi yake. Nikanyamaza, lakini nilinyamaza kwa ubaya ninaoujua mimi, wa kuweka sahani mezani kwa kishindo kidogo.

Kazi yake ni kujaribu bunduki. Najua inavyosikika nikiisema hivyo. Kina mama wenzangu wa Kitanzania hapa Brussels, tukikutana kwenye hitma au sherehe ya mtoto, huwa wananiuliza mumeo anafanya nini, nami husema "fundi," nikahamia kwenye biriani. Ukweli ni kwamba kuna karakana nje ya jiji ambayo huandaa silaha za polisi. Yeye na wenzake huingia kwenye chumba kirefu kilicho chini ya ardhi, hupiga risasi kwenye karatasi siku nzima, kisha huandika kilichotokea. Hajawahi kumwelekezea mtu mtutu. Nyumbani kwetu Saint-Josse, ghorofa ya tatu, hata buibui humbeba juu ya karatasi akamtoa dirishani, huku akimsemesha taratibu.

Alizaliwa Lubumbashi, akaletwa huku akiwa na miaka kumi. Mimi ni mtu wa Tanga. Kiswahili chake na changu ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali, na miaka ya mwanzo tulichekana sana. Siku hizi namwacha aseme mukono na mutoto anavyotaka. Nikikasirika tu ndiyo namsahihisha.

Vuli ile mama yangu alikuja kututembelea kwa siku tisini, kama viza ilivyoruhusu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Alifika na koti la kuazima, kanga mbili juu ya koti, na begi ambalo nusu yake ilikuwa bizari na dagaa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hayo hayakunishtua, maana sijawahi kuyaona yakiwa meupe. Mama alipika vitumbua vya kuuza kwa miaka thelathini na kitu, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, kwa kuni. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyonisomesha. Moshi wake ulimwachia kikohozi cha asubuhi na ukungu juu ya mboni, na sasa akitaka kuniona vizuri hunishika kidevu akanivuta karibu.

Kabla hajafika nilimweka mume wangu kitako. Ana shoto. Anaandika kwa kushoto, anakula kwa kushoto, anapiga mswaki kwa kushoto. Kwao, kwa sababu alimalizia utoto huku, hakuna aliyejali. Kwetu ni jambo. Nikamwambia: "Mama akiwepo, kula kwa kulia. Ukimpa kitu, hata kijiko, mpe kwa kulia. Ukimpa kwa kushoto ataona unamdharau, na hatasema, ila ataumia."

"Bon," akasema. "Siku tisini. Nitaweza."

Akaweza kwa taabu. Kila jioni niliona ugali ukimponyoka njiani, chai ikimwagika kwenye kisahani, uma ukielekea kila mahali isipokuwa mdomoni. Wiki ya pili mama alinivuta jikoni, akaninong'oneza: "Mwanangu, mumeo anatetemeka mkono. Anakunywa?" Nikacheka mpaka nikashika sinki. Nikasema hapana, ni uchovu tu. Ilikuwa rahisi kusema hivyo kuliko kueleza, na hilo ni kosa langu la kwanza katika habari hii.

Kosa la pili ni mtoto. Binti yetu amerithi mkono wa baba yake. Mama aliliona siku ya kwanza, mtoto alipomwamkia na kumpa mchoro wa nyumba kwa mkono wa kushoto. Hakugomba. Alichana kipande cha kanga kuukuu, akambeba mtoto mapajani, akaubusu ule mkono mdogo, kisha akaufunga kiunoni kwa fundo laini huku akimwimbia. "Tunaulaza kidogo," alimwambia. "Mwenzake naye apate kazi." Mwanzoni ilikuwa wakati wa kula. Baadaye ikawa na wakati wa kuchora. Baada ya wiki tatu mtoto aliacha kuchora kabisa. Kalamu zake za rangi zilikaa kwenye kopo juu ya dirisha, na mimi nilizifuta vumbi kila nikisafisha, nisiseme neno. Baba yake naye alikuwa akitazama lile fundo la kanga kila mlo, akimeza tonge, akinyamaza. Alikuwa anamheshimu mama yangu kwa kiasi ambacho sikuwa nimemwomba.

Basi ndani ya hali hiyo ndipo moshi ulipoingia.

Ajabu ni kwamba mwezi huo ulianza kwa furaha. Karakana ilikuwa imepata bunduki mpya, ile inayojipakia yenyewe kila ukivuta kifyatulio, na mbele ya mtutu wake ilikuwa na kiwambo cha sauti, kinachomeza mlio. Mume wangu alikuja nyumbani siku ya kwanza akiwa kama mtoto siku ya Idi. Miaka ya kazi ilikuwa imemharibu masikio. Hata akivaa vifaa vya kuyaziba, jioni yalikuwa yanalia kama nyenje, na nilikuwa nimezoea kumwambia kila kitu mara mbili. Siku hiyo masikio hayakulia. Mtoto alimnong'oneza kitu akiwa amemkumbatia shingo, na yeye akakijibu palepale. Mimi nilikuwa mlangoni na mtungi wa maji, nikasimama tu. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu nimwone akisikia mnong'ono wa mwanawe.

Wiki iliyofuata ndipo macho yalipoanza kuwa mekundu, na kikohozi kikafuata. Akawa ananawa uso kwenye bomba la uani kabla ya kupanda ngazi, nami nilimwona kutoka dirishani. Akawa anatafuna karafuu. Mtu anayetafuna karafuu na kunawa uso kabla ya kuingia kwake anaficha kitu, hilo halihitaji shule. Nilimuuliza tena, akanijibu tena kuwa ni kazi, safari hii bila kunitazama. Nikanuna siku tisa. Nikinuna huwa nanuna kwa uaminifu, siweki hata chumvi kwenye mboga.

Kilichokuwa kinanikera si sigara yenyewe. Nilikuwa nimelala utoto wangu wote chumba kimoja na kikohozi cha mama. Nilijua saa kinapoanza na muda kinaochukua. Nilipokuja kuolewa Ulaya, moja ya vitu nilivyojiambia ni kwamba sitasikia tena mtu ninayempenda akikohoa hivyo upande wa pili wa ukuta. Na sasa nilikuwa nasikia wawili, mama chumba cha mtoto na mume wangu bafuni, kimoja kikimwitikia kingine. Niliogopa. Hasira yangu yote ilikuwa woga.

Jumamosi moja asubuhi yeye alikwenda na mama na mtoto Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya Kiafrika, kutafuta kisamvu. Nikabaki. Nikapekua koti lake la kazi, mfuko kwa mfuko, nikinusa. Sikupata sigara. Nilipata paketi ya karafuu, kitambaa chenye kamasi nyeusi za masizi ambacho nilikishika kwa ncha ya vidole, na fomu iliyokunjwa mara nne. Fomu ilikuwa ya Kifaransa. Ilikuwa ya bunduki mpya, na kila mjaribu alitakiwa kujaza yake. Alikuwa amejaza yote kwa mwandiko wake ulioinamia kushoto: shabaha, uzito, kelele. Mstari mmoja tu ulikuwa mtupu. Uliuliza kama gesi na moshi vinamrudia mpigaji, na mbele yake kulikuwa na kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana. Vyote vyeupe. Chini, tarehe ya kuirudisha ilikuwa Jumatatu.

Nilikaa kitandani na ile karatasi. Bado sikuelewa. Moshi unarudi, haurudi, mbona swali la kutia alama moja tu aliache tupu?

Walirudi saa saba wamelowa mvua, mama akilalamika kwamba kisamvu cha huku kinauzwa kama dawa. Tukapika. Wali wa nazi, kisamvu, samaki wa kukaanga. Mama akamfunga mtoto mkono, tukakaa. Nilikuwa nimejiambia nitasubiri mama alale mchana ndipo niseme, lakini ulimi wangu haujui kusubiri. Nikaweka karafuu, kitambaa na fomu katikati ya meza, kando ya bakuli la kisamvu.

"Niambie mbele ya mama," nikasema. "Kama ni sigara, sema sigara."

Akaiangalia ile fomu. Kijiko kilikuwa mkono wa kulia.

"Si sigara," akasema.

Kabla sijajibu, mama aliinuka kwenye kiti. Akazunguka meza, akamshika mkwewe kidevu, akamvuta uso karibu na macho yake yenye ukungu. Mkwe na mama mkwe hawagusani hivyo kwetu, na nilishtuka. Akamchungulia matundu ya pua. Akampitisha kidole gumba kwenye kona ya jicho, akakinusa.

"Mwache mumeo," akaniambia. "Moshi wa sigara unakaa kwenye vidole na kwenye nguo. Huu uko puani na kwenye makope. Huu ni wa mtu anayeinamia moto." Kisha akamuuliza yeye, kwa sauti ya chini kabisa: "Baba, unakaa upande gani wa moto?"

Mume wangu akanitazama mimi, kama anayeomba ruhusa. Sikujua ruhusa ya nini. Halafu akaweka kijiko chini.

"Maman, iko hivi," akasema. "Ile bunduki ya mupya iko na kitu mbele, inakamata makelele. Mais inakamata na moshi. Sasa moshi haina njia ya kutokea mbele, donc inarudi nyuma, inatokea mu tundu ya kando, kule ganda ya risasi inarukia. Na ile tundu iko kuume."

"Umeziba bomba la jiko," mama akasema, "halafu unashangaa moshi umerudi chumbani."

"Voilà. Sasa benzangu bote banafyatua na mukono ya kuume. Sura yao iko kushoto ya bunduki, moshi inapita kule. Hakuna hata moja anaona kitu. Miye tu…"

Akaangalia mkono wake wa kushoto uliokuwa umelala juu ya paja, mahali ulipokuwa umelazwa tangu mama afike.

"Yeye tu ana shoto, mama," nikamalizia mimi, na uso ukaniwaka moto. "Ni mimi niliyemwambia akufiche."

Mtoto aliangalia huku na huku, mkono wake mmoja kiunoni. Mume wangu akasema yaliyobaki haraka haraka, kama mtu anayetapika. Alikuwa amemweleza mkuu wake mara moja. Mkuu akamjibu kwa upole tu kwamba wengine hawajaona tatizo, labda ni namna anavyoshika, kwa nini asijaribu mkono wa kulia kama watu wote. Mkataba wake ulikuwa wa muda, unaisha mwisho wa mwaka, na walikuwa wamemwahidi wa kudumu. Hakutaka kuwa yule mtu mmoja anayekwamisha bunduki. Na aliipenda ile bunduki. Ilikuwa imemrudishia masikio. Alikuwa anafikiri kujaza kisanduku cha hapana, apate karatasi yake ya kudumu, na macho yatajizoesha.

"Hayajizoeshi," mama akasema.

Akaenda nyuma ya mlango, akachukua ufagio. Nilidhani anataka kufagia, maana mama akikwama na maneno hufagia. Badala yake akamwambia, "Hebu nionyeshe unavyoishika." Mume wangu akaushika ule ufagio kwa aibu, akauweka begani, bega la kushoto, akainamisha shavu. Mama akamzunguka. Akaonyesha kwa kidole mahali tundu lingekuwa, kisha pua, kisha jicho. Akatikisa kichwa. "Nipe."

Akaupokea ufagio na kuuinua ili ajaribu mwenyewe. Hakufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe, na kitako cha ufagio kikatua kwenye bega lake la kushoto. Shavu la kushoto likalala juu ya mpini, kidole cha kushoto kikakunjika. Mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akipokea hata sindano kwa mkono ule.

Alijiona wakati uleule tuliomwona. Akashusha ufagio taratibu.

"Bibi yangu aliufunga kwa ukambaa," akasema, bila kumwangalia yeyote. "Nikiufungua ananichapa. Nikasahau. Yaani nilidhani nimesahau." Akakaa. "Lile banda langu lilijengwa kwa mtu wa kulia. Anayegeuza vitumbua kwa kulia anakaa huku, moshi unakwenda kule. Lakini alfajiri, kabla wateja hawajafika, hakuna anayeniona, mkono wa kulia ukichoka nilikuwa nahamia upande wa pili nageuza kwa kushoto. Vilikuwa vinageuka vizuri sana, mwanangu. Havikuungua hata kimoja. Ila moshi wote ulikuwa wangu."

Nimekula vitumbua vile utoto wangu wote. Nimeona macho yale yakizimika kidogo kidogo, nikazilaumu kuni mbichi, nikaulaumu umaskini, nikamlaumu marehemu baba kwa kutomjengea jiko zuri. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa anaingia ndani ya moshi kwa miguu yake kila alfajiri ili autumie mkono wake. Nililia pale mezani bila kujificha, na sioni aibu kuliandika.

Mama akamvuta mjukuu wake. Fundo la kanga lilikuwa limekaza, na macho yake hayaoni mafundo, kwa hiyo alilifungua kwa kupapasa, kwa mikono yote miwili. Akausugua ule mkono mdogo mpaka damu ikarudi vizuri. "Bibi alikosea," akamwambia. "Kula, mama." Mtoto akautazama mkono wake, akamtazama baba yake. Baba yake akachukua kijiko kwa kushoto. Ndipo naye akachukua chake. Wali ulikuwa umepoa, na tuliumaliza wote.

Jioni ile mume wangu alisema hataki kuiharibu bunduki wala kupoteza kazi. Mama akamjibu kwamba hakuna aliyemwambia aiharibu. "Wewe waambie wapi moshi unatokea. Wao ndio mafundi, wataufanyia njia. Lakini usipowaambia, atakuja mtu mwingine wa shoto, polisi, mtoto wa mtu, atafikiri ni yeye mwenye kasoro." Halafu akaongeza, akitania: "Na ukiniletea macho mekundu tena, nitakufunga wewe."

Jumatatu alitia alama kwenye kisanduku cha ndiyo. Nilimwona akifanya hivyo mezani kwa chai, kwa mkono wa kushoto, na alama yenyewe ilikuwa kubwa hata ikatoka nje ya kisanduku. Nikampakia sambusa nne ingawa huwa namwekea mbili. Siku nzima sikufanya la maana. Mama naye, anayejifanya hana wasiwasi, alipanguza meza ileile mara tano.

Alirudi saa kumi na moja. Akatusimulia akiwa bado na koti. Mkuu alisoma fomu, akakunja uso, akamwambia mbona wewe tu. Mume wangu akamjibu jibu ambalo nadhani alilifanyia mazoezi njia nzima: "Chef, usiniamini. Weka bunduki ku bega ya kushoto, ufyatue magazini moja." Mkuu ni mtu wa haki, sikatai. Akaichukua, akaiweka bega la kushoto kwa tabu kama mtu anayevaa kiatu cha mguu mwingine, akapiga risasi zote. Alipomaliza aliweka bunduki mezani, akavua miwani, akasimama ameinamia magoti, akikohoa, machozi yakimtoka. Wenzake walitaka kucheka wakaona afadhali wasicheke. Kisha akaomba kalamu.

Bunduki ilirudishwa kwa waliotengeneza kile kiwambo. Ilikaa huko miezi, na ilipokuja ilikuwa na njia nyingine ya kupitisha gesi mbele, na kishikio kidogo cha kupunguza kiasi kinachorudi. Moshi haukuisha wote, lakini ndevu zake sasa zinanukia mafuta kama zamani. Mkataba wa kudumu haukuja mwisho wa mwaka ule. Walimwongezea miezi sita, kisha sita mingine, na wiki hii tunasubiri tena barua. Ila fomu imebadilika. Ina mstari mpya unaouliza kuhusu mpigaji wa kushoto, na kila bunduki mpya inapoingia, kabla ya kuandikwa chochote, wanamwita yeye.

Mama hakukaa kuyaona hayo. Siku zake tisini ziliisha wiki mbili baada ya chakula kile. Wiki hizo mbili mume wangu alimpa kila kitu kwa mkono wa kushoto, chai, chumvi, hata rimoti ya televisheni, na chai haikumwagika tena. Mara ya kwanza mama alisita, mkono wake ukaganda hewani. Mara ya pili hakusita. Mtoto naye alishusha kopo la kalamu kutoka dirishani, akamchorea bibi yake banda lenye moshi unaotoka juu ya paa, moshi mwingi, wa rangi ya zambarau.

Tulimsindikiza uwanja wa ndege asubuhi ya baridi, sote wanne tumebanana mbele ya mstari wa ukaguzi. Alimshika mkwewe kidevu, akamvuta karibu, akayaangalia macho yake kwa muda mrefu, jicho moja kisha la pili. "Meupe," akasema, akaridhika. Mimi alinikumbatia. Kisha akaondoka na mkoba wake mkononi, koti la kuazima, kanga juu.

Karibu na mwisho wa kamba za foleni mtoto alimwita, "Bibi," akainua mkono wake wa kushoto juu kabisa na kuupunga. Sidhani mama alimwona vizuri kwa umbali ule, ila sauti aliisikia. Akasimama, watu wakampita. Mkoba ulikuwa kwenye mkono wa kushoto. Akauhamishia kulia, akatupungia.